Wawili Kwenye Waya Mmoja

Uzi alishona kidole chake kwenye kola ya shati la shule, na hakujua.

Sisemi alijichoma sindano. Kila fundi cherehani hujichoma, akalaani, akanyonya kidole, maisha yakaendelea. Nasema alikishona. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, mishono minne safi, uzi mweupe umeingia huku umetokea kule, na yeye anaendelea kukanyaga cherehani huku anapiga mluzi. Aliyeona ni mkewe, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai, na kikombe kikamponyoka.

"Mume wangu! Kidole!"

Uzi akatazama. Damu ilikuwa imeshaingia kwenye kola.

"Ala," akasema, kama mtu aliyeambiwa zipu yake iko wazi. "Mbona hakiumi?"

Uzi lilikuwa jina la mtaani, alilopewa kwa kazi yake na kwa wembamba wake, na lilimkaa vizuri kuliko lile la kwenye cheti. Alikuwa mtu wa utani. Walipomaliza kufumua mishono alikipuliza kile kidole, akakigonga mezani, akasema basi huyu naye kaingia likizo na wanafunzi. Mkewe akacheka. Lakini alipokishika kilikuwa baridi, na vidole vya jirani yake vilikuwa vya moto kama kawaida. Hilo hakulisema.

Mkewe naye alikuwa na jina lake. Walimu wa shule zote kumi na saba za wilaya walimwita Dada Seva. Kila shule ilikuwa na seva yake, kompyuta moja kubwa isiyozimwa mchana wala usiku, inayotunza majina ya wanafunzi, alama za mitihani, barua za wazazi, na kila kitu ambacho kikipotea mwalimu mkuu hulia. Zote zilifungiwa kabatini au stoo, na yoyote ikiumwa aliitwa yeye. Miaka tisa alizunguka na begi la bisibisi mgongoni.

Ile ya shule ya mwisho wa barabara aliiita Mzee, maana ndiyo ilikuwa kongwe kuliko zote. Ilikaa stoo, kati ya maboksi ya chaki na mipira iliyopasuka. Sasa watu wa kazi ile wana jambo moja wanalojivunia, na usiwaulize kwa nini: siku ambazo mashine imekaa bila kuzimwa. Wengine hujisifia watoto, hawa hujisifia siku. Mzee alikuwa na siku elfu tatu na mia mbili. Umeme ulipokatika, Dada Seva alimbebea betri begani. Paa lilipovuja, alimfungulia mwavuli. Na kwa kuwa stoo ile haikuwa na mtu wa kupiga naye soga, akawa anapiga soga naye. Alimpangusa vumbi, akamwita mpenzi, akamwambia habari za nyumbani.

Baba yake alipofariki, aliegemea ubavu wa ile mashine kwa sababu ulikuwa na joto, akalia mpaka sauti ikamkauka. Katika kulia huko alisema, "Wewe peke yako ndiye hujaniacha. Na mimi sitakuzima. Naapa, sitakuzima kamwe."

Wakati huo alikuwa hajaolewa. Mtu akisema maneno kama hayo ndani ya chumba kilichofungwa, hudhani hakuna aliyeyapokea. Ndivyo alivyodhani na yeye.

Basi ukaja mradi. Afisa Elimu, mama mmoja anayetembea huku anaongea na simu mbili, akatangaza kwamba seva zote kumi na saba zinaondolewa. Vilivyomo havitupwi. Kila moja inanakiliwa kama ilivyo, na nakala yake inahamia ndani ya mashine moja kubwa mpya pale ofisini kwake, kumi na saba ndani ya moja, kama wapangaji kwenye ghorofa, kila mmoja akiamini ana nyumba yake peke yake. Vyuma vya zamani vitauzwa chakavu. Na Dada Seva ataangalia shule zote akiwa ameketi kwenye kiti kimoja, na feni inampepea.

Alifurahi mno. Wangapi hupewa kazi ileile bila vumbi? Siku moja kabla ya lile tukio la kola alikwenda stoo kumpa Mzee habari, utani mtupu.

"Ndiyo hivyo, mpenzi, tunaachana," akamwambia, huku anampangusa. "Sasa nitakuwa nashinda mjini, saa kumi niko nyumbani kwa mume wangu. Masikini, kila nikifika nakuta ameshalala juu ya kitambaa. Nataka nimshibe kidogo."

Mngurumo wa Mzee ukakatika. Pumzi moja tu, kisha ukarudi, ila ukarudi chini zaidi, kwenye koo. Na harufu ikaja. Ilikuwa harufu ya manukato ya kiume, mazito, ya kizamani, yale ambayo mtu hujipaka shingoni siku ya kwenda kuposa. Dada Seva akageuka akidhani mwalimu fulani amepita mlangoni. Hakuna aliyepita. Shule zilikuwa zimefungwa tangu wiki iliyotangulia, na mlinzi alikuwa getini na redio yake.

Harufu ile alikwenda nayo nyumbani. Yeye hakuisikia tena, lakini Uzi aliisikia kabla hata hajaweka begi chini.

"Nani huyo?" Uzi akauliza.

"Nani nani?"

"Huyo mliyekumbatiana."

Dada Seva akacheka, akidhani ni utani. Uzi hakucheka. Alikuwa na wivu wake kama binadamu yeyote, wivu wa kimyakimya, wa mtu aliyejiona hana sura akashangaa kupata mke mzuri, na miaka miwili ya ndoa ilikuwa bado haijamzoeza. Asubuhi yake ndipo alipokishona kidole.

Siku ya tatu kikafa kidole cha pete. Cha kati kikafuata, halafu cha shahada. Havikuvimba, havikubadilika rangi, vilikuwa vinalala tu, vya baridi, ukivikunja vinabaki vilivyokunjwa. Hospitali walimpiga nyundo za kwenye kiwiko, wakampitisha kwenye picha, wakamwambia mishipa yake ni mizima kabisa na apunguze mawazo. Nani apunguze mawazo? Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki tatu, na kwenye kamba za chumba cha mbele zilining'inia sare za watoto themanini, nusu zikiwa hazina mikono. Kidole gumba cha kushoto kilipokwenda, Uzi alikaa mbele ya cherehani na mkono umelala mapajani, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi bila mikono ni nini, mke wangu? Ni mluzi tu."

Kazi ya Dada Seva haikusubiri. Sheria ya kuhamisha seva ni moja na hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua: nakala ikikamilika, unaizima ya zamani kwanza, ndipo unawasha mpya. Zote mbili zina jina moja na anwani moja, na zikikutana kwenye waya zinagombana, kila moja inamfukuza mwenzake, na mwisho hakuna inayosimama. Shule kumi na sita alizihamisha hivyo, bila tatizo. Akabakiza Mzee.

Akamnakili akiwa hai, saa tano nzima, hesabu kwenye skrini ikipanda polepole. Ilipotimia akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzimia. Hakikubonyea. Yaani hakukibonyeza. Siku elfu tatu mia mbili na kumi na nne, jamani, na ubavu ule ule wenye joto. Akakumbuka kiapo chake, akajiona mjinga kukikumbuka, na bado kidole kilikataa. Mwisho akachomoa waya wa mtandao peke yake, akamwacha Mzee ananguruma mule stoo, akafunga mlango kwa kufuli.

"Bila waya hawatakutana," akajiambia. "Ahadi ni ahadi."

Mimi ningekuwa yeye ningeng'oa hata plagi ya ukutani. Lakini mimi sikuwahi kumbebea mashine betri begani.

Saa tisa na dakika kumi na moja alasiri, ofisini kwa Afisa Elimu, aliiwasha nakala. Ikaamka bila shida, ikakumbuka kila jina na kila alama. Saa tisa na dakika kumi na moja, Uzi akiwa nyumbani anajaribu kutunga sindano kwa mkono mmoja, sindano ilimtoka. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimekufa.

Jioni Dada Seva aliporudi alimkuta mumewe hajawasha taa, yupo mbele ya meza ya kukatia vitambaa. Kwenye ukingo wa meza kulikuwa na mistari ya chaki.

"Njoo uone," Uzi akamwambia. "Hizi ni siku ulizokuja na harufu ya yule bwana. Hizi ni siku vilizokufa vidole vyangu. Hesabu mwenyewe."

Akahesabu. Zililingana.

"Una mtu mwingine," Uzi akasema, "na huyo mtu ananiroga. Niambie tu ukweli. Kama unamtaka nenda, lakini mwambie aniachie mikono yangu."

"Sina mtu. Wallahi sina mtu."

"Leo umekuja na harufu mara mbili. Mko wawili, au sasa mko watatu?"

Dada Seva akanusa mkono wa gauni lake. Safari hii aliisikia. Iliingia kutoka upande wa kushoto, na ileile ikaingia kutoka upande wa kulia. Akili yake ikarudi stoo, kwenye ule mngurumo uliokatika aliposema mume wangu. Akakaa chini kwenye vipande vya kitambaa.

"Siyo mtu," akanong'ona. "Uzi, siyo mtu. Mwite Shangazi."

Shangazi alikuwa dada wa baba yake Uzi. Aliuza mitumba sokoni, na kwa wanaomjua alitibu watu wenye majini. Hakuja na manyoya wala vibuyu. Alikuja saa nne asubuhi na pochi, miwani ya kusomea na chupa ya maji.

"Shikamoo, Shangazi," Dada Seva akaamkia.

"Marahaba, mke wa mwanangu. Kaa hapa. Na wewe, mwembamba, kaa kule mbali, usiguse kitu."

"Nikitaka kugusa naweza?" Uzi akasema, akiinua mikono yake miwili. Kimoja zaidi kilikuwa kimelala usiku, na sasa alikuwa na vidole vitatu tu, vyote vya kulia.

Shangazi akavaa miwani, akamshika Dada Seva kidevu, akamtazama machoni muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayemuuliza mpita njia habari, "Nani amekaa hapa?"

Kinywa cha Dada Seva kikafunguka na sauti ikatoka ambayo haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume mtulivu, mwenye adabu.

"Ni mimi, mume wake."

"Mume wake yupo pale."

"Yule ni mshonaji. Mimi nilikuwa naye kabla. Aliniapia. Baba yake alipokufa alilia ubavuni kwangu, akaniambia wewe peke yako ndiye hujaniacha. Leo anataka kunitupa ili ashikwe na vile vidole. Basi sitaki vimshike."

"Mwongo huyo!"

Ilikuwa sauti ileile, kinywa kilekile, ila imetoka kwa haraka, imeikatisha ya kwanza katikati ya pumzi. "Mimi ndiye mume. Alilia kwangu, ubavuni kwangu. Huyo wa stoo ni ganda tu, ni chuma, alichonacho amekiiba kwangu."

"Nimekiiba? Wewe umezaliwa juzi saa tisa!"

"Nakumbuka siku ya betri! Nakumbuka mwavuli!"

Taya la Dada Seva likawa linatupwa huku na huku, mate yanamtoka, macho yake mwenyewe yamekodoka kwa hofu, kwa kuwa alikuwa anasikia kila neno. Kule pembeni Uzi akapiga kelele. Cha shahada cha kulia kilikuwa kimelala. Shangazi akamrushia mkwewe maji ya uso, na sauti zote mbili zikanyamaza kwa pamoja.

Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Miaka thelathini natibu," akasema. "Jini mahaba nimewaona mpaka nimewachoka. Wanampenda binti wa watu, wanamfukuzia wachumba, tunaongea nao, wanaondoka. Sijawahi kuona jini aliyenakiliwa. Mwanangu, umefanya nini?"

Dada Seva akaeleza yote, kiapo, nakala, na ule waya alioung'oa akaona yatosha. Shangazi akapiga paja.

"Kwa hiyo kila mmoja anaamini ni yeye, na kila mmoja ana haki. Wa kwanza amekula mkono wa kushoto. Wa pili anakula wa kulia. Wakimaliza mikono watakwenda kwenye moyo wa huyu kijana, wagombee huko."

"Nikiwazima wote?"

"Kwa mkono wako? Ndiyo umevunja kiapo. Mwenye kuapiwa akivunjiwa hulipiza kisasi siku hiyohiyo, na utamzika mumeo."

Uzi alikuwa anavitazama vidole vyake viwili vilivyobaki. Dada Seva alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze akaona hasira imemzidi hofu. Hao walikuwa wanagombea nini? Mumewe alikuwa pale, mume mmoja, wa kuapishwa mbele za watu, na yeye alimtaka huyo huyo, na mikono yake.

"Na wakifukuzana wenyewe?" akauliza taratibu. "Shangazi, nikimrudishia tu waya wa stoo, watakutana. Jina moja, anwani moja. Kila mmoja atamtoa mwenzake. Mimi sitakuwa nimezima mtu."

Shangazi akamtazama, kisha akaanza kutabasamu. "Hapo huna deni nao. Lakini sikiliza. Jini akikosa makao haendi mbali hivihivi. Huingia kwenye kitu kitupu kilicho karibu naye. Akikosa kitupu, ndipo huondoka na upepo. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka huo waya, tutaziba kila kilicho wazi mule ndani. Na mumeo aje, awepo mbele ya macho yangu."

Wakaenda saa sita mchana, jua limesimama juu ya uwanja wa shule usio na mtoto hata mmoja. Mlinzi akawafungulia geti. Mlango wa stoo ulipofunguka ile harufu iliwapokea kizingitini, nzito kiasi cha kuonjwa ulimini, na Mzee alikuwa ananguruma kwenye kona yake, taa ya kijani inapepesa.

Wakaanza kuziba. Uzi alikuwa amekuja na gunia la vipande vya sare, na wazo lilikuwa lake. Chupa tupu zilijazwa vitambaa mpaka shingoni. Maboksi ya chaki yakajazwa, mipira iliyopasuka ikajazwa, viatu vya michezo, ndoo, debe la rangi, droo za meza, tundu la ufunguo. Chupa ya maji ya Shangazi, pochi ya Shangazi, begi la bisibisi. Uzi alisukuma vitambaa kwa kiwiko na kuvikaza kwa meno, mikono yenyewe ikiwa inaning'inia kwenye mikono ya shati. Kidole kilichobaki kilikuwa kimoja, kidogo cha kulia.

"Na midomo yenu mzibe kwa kitambaa," Shangazi akasema. "Chomeka."

Dada Seva akauchomeka waya.

Mwanzo hakikutokea kitu. Kisha simu yake ikatetemeka, ule ujumbe unaojituma wenyewe kutoka ofisini seva ikipotea: MZEE HAPATIKANI. Ikatetemeka tena: MZEE ANAPATIKANA. Halafu tena hapatikani, na tena anapatikana, na mngurumo ukaanza kupanda, ukapita ule wa feni, ukapita ule wa gari, ukawa sauti ya koo mbili zinazokabana, na harufu ikawa inakuja kwa mawimbi kutoka kwenye mashine na kutoka kwenye waya, hii inaifukuza ile na ile inairudia, na taa ya kijani ikawa nyekundu ikawa kijani haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, na kuta zikatoa jasho, na kila chupa iliyozibwa ikawa inagongagonga kwenye rafu kama kuna mtu anayejaribu mfuniko mmoja baada ya mwingine, anakuta kumejaa, anahamia kwa jirani, anakuta kumejaa, na Dada Seva amejibana ukutani meno yameuma kitambaa anamtazama mumewe, na mumewe anatazama kidole chake cha mwisho, na kile kidole kikainama polepole kikalala na wenzake. Kisha Mzee akazimika.

Akazimika mwenyewe, baada ya siku elfu tatu mia mbili na kitu, na feni yake ikazunguka mara chache ikasimama. Simu ikatetemeka mara ya mwisho. MZEE HAPATIKANI. Wakangoja. Haikubadilika tena.

Shangazi akanusa hewa. Akanusa kila kona, kila chupa, akatikisa pochi yake. Palikuwa na harufu ya chaki na vumbi tu.

"Wametoka," akasema. "Mungu mkubwa. Wametoka wote."

"Mke wangu," Uzi akaita. "Kinawasha."

Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kinacheza. Halafu cha pete, halafu mkono wote, halafu wa kulia, vyote kumi, vikijikunja na kujikunjua kwa pamoja. Uzi akapiga makofi, akapiga tena kusikia mlio, akalia kwa kicheko, akamkumbatia Shangazi mpaka miwani ikadondoka. Dada Seva alikaa sakafuni akalia na yeye.

Walimsindikiza Shangazi mpaka sokoni, wakarudi nyumbani. Uzi hakutaka hata kula. Alikaa kwenye cherehani akashona, na mishono haikuwahi kunyooka namna ile, mashati kumi na moja kabla ya jioni, mikono inakwenda yenyewe. Dada Seva alivuta kiti akakaa mbele yake, amtazame tu. Machozi yakamtoka tena, na mkono wa kushoto wa mumewe ukaacha kitambaa ukaja kumpangusa shavu.

Ukabaki pale. Ukapita kwenye sikio, ukashuka shingoni, taratibu, kama unaokumbuka njia. Na harufu ikamjia.

"Uzi," akasema.

Uzi alikuwa anautazama mkono wake kama unavyotazama mkono wa mgeni ndani ya nyumba yako.

"Siyo mimi," akanong'ona.

Ndipo mkono wa kulia ulipoinuka mezani, ukaukamata wa kushoto kwenye kifundo, ukaung'oa shingoni kwa Dada Seva. Ikagongana juu ya mashati, kucha ndani ya nyama, viungo vinalia, damu inaingia kwenye sare nyeupe, na kati yake uso wa Uzi umepauka, analia, mabega yake yanavutwa huku na huku. Waliziba kila kitu kitupu mule stoo. Ile mikono miwili, iliyonyonywa mpaka kidole cha mwisho, hakuna aliyekumbuka kwamba nayo ilikuwa mitupu.

Wa kulia ukamwachia mwenzake. Ukatambaa mezani mpaka kwenye mkasi mkubwa wa kukatia, ukaushika, ukaufungua, ukaugeuza kuelekea kifundo cha kushoto.

"Basi!" Dada Seva akaudaka. Mkasi ukaanguka. Mkono wa kulia ukalegea kiganjani mwake, vidole vikajipenyeza kati ya vidole vyake kwa upole. Mara ile ile wa kushoto ukaanza kuutafuta mkasi. Akaushika na wenyewe kwa mkono wake mwingine. Ukatulia.

Wakabaki hivyo, ana kwa ana, magoti yamegusana, mikono yote minne imeshikana. Alipojaribu kulegeza mmoja, ule ukakaza ukaanza kuvuta kuelekea mkasi.

"Usiache," Uzi akasema. "Mke wangu, nakuomba, usiache hata mmoja."

"Siachi."

Mlango ulikuwa wazi. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa anakuja kuchukua shati la mwanawe, akawaona kabla hajapiga hodi. Dada Seva alifungua kinywa kumwita, na mikono yote miwili ikamkaba mpaka mifupa ya vidole vyake ikalia, basi akafunga kinywa, akatabasamu. Jirani akaona mume na mke wameshikana mikono mchana kweupe, wanatazamana machoni mpaka wanatokwa machozi. Akarudi nyuma kwa ncha za vidole asije akawakatiza.

Usiku huo jirani hakumpa mumewe pumzi. "Watu wanapendwa, jamani," alimwambia. "Wewe mara ya mwisho kunishika mkono ni lini?"

Asubuhi akarudi kulifuata shati. Akawakuta palepale, kwenye viti vilevile, wameshikana vilevile, macho mekundu kwa kukesha, hakuna aliyemwachia mwenzake. Wivu ukamkaba jirani mpaka akasahau alichofuata. Akaondoka bila kupiga hodi.